PARAFUJO SI MSUMARI

Mpenzi msomaji, kabla hujakimbilia ukurasa wa mashairi na ule wa vichekesho, nakuomba unipe dakika chache. Ninalo jambo la kuungama, na nikishaungama ninalo la kudai.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Fizikia alitupa jaribio kuhusu mashine sahili. Swali moja lilitaka tueleze skrubu ni nini na hufanyaje kazi. Nilijibu kwa Kiingereza safi, neno kwa neno kama ilivyo kitabuni, nikapata alama zote. Jumamosi ya wiki iyo hiyo wakatakikana wanafunzi wa kujitolea kukarabati madawati. Nikapewa nyundo, pakiti ya skrubu na madawati sita. Bisibisi ilikuwa moja kwa watu wanane, na foleni yake ilikuwa ndefu kama ya chakula siku ya pilau. Nikatazama huku, nikatazama kule. Nikasimamisha skrubu juu ya ubao, nikaitwanga nyundo. Ikaingia! Nikatwanga ya pili na ya tatu, hata madawati yote sita yakasimama wima kama askari wa gwaride. Nilimaliza wa kwanza, nikapigiwa makofi.

Wiki ya tatu baadaye, dawati mojawapo liliachia. Mwenzetu wa darasa la chini alikuwa ameliegemea akiandika, ubao wa kukalia ukachomoka, naye akaanguka mkono wake ukiwa katikati ya mbao mbili. Hakuvunjika, tunashukuru Mungu, lakini kidole kilivimba hata akashindwa kushika kalamu kwa siku kadhaa. Watu walisema, "Ah, mbao za siku hizi ni mbovu." Mimi nilinyamaza. Nilikwenda kuziokota skrubu zangu sakafuni, nikaona zimetoka nzima nzima, nyuzi zake zimejaa unga wa mbao. Nilijua mbovu haikuwa mbao.

Basi aliyepata alama zote katika swali la skrubu ni mimi, na aliyezipiga nyundo ni mimi. Wawili hawa walikuwa hawajaonana. Hilo ndilo lililonifanya niandike.

Tuanzie hapa hapa nyumbani. Ukifungua kamusi, utaambiwa kuwa kware ni ndege wa porini anayefanana na kuku mdogo. Lakini mwulize mtu yeyote wa huku kwetu Kitengela, au wa Rongai, au wa Embakasi kule Nairobi, atakwambia kware ni mahali pa kuchimba mawe. Sisi tunaoishi Kware tumezaliwa ndani ya darasa la mashine sahili, ila hatulioni. Vitabu hutaja mashine sahili sita: wenzo, gurudumu na ekseli, kapi, mteremko, kabari na skrubu. Mchimba mawe anapopanga vyuma vyembamba kwenye mstari na kuvigonga kimoja kimoja mpaka jiwe likakubali kupasuka, hiyo ni kabari. Anapochomeka mtaimbo chini ya jiwe na kulalia upande wa pili, huo ni wenzo. Toroli lake lina gurudumu na ekseli. Na anapoegemeza ubao kwenye lori ili asukume jiwe juu badala ya kulinyanyua, huo ni mteremko.

Huo mteremko ndio mama wa skrubu. Tuseme jiwe lina kilo 40 na sakafu ya lori iko mita 1 kutoka chini. Ukilinyanyua wima, utabeba kilo 40 zote. Ukiweka ubao wenye urefu wa mita 4, na tukiuacha msuguano kando kwanza, utasukuma kwa nguvu inayolingana na kilo 10 tu. Lakini angalia: utasukuma kwa mita 4 badala ya 1. Mashine haitoi zawadi. Ulichopunguziwa katika nguvu utakilipa katika mwendo. Lori nalo hufanya vivyo hivyo likitoka shimoni limejaa mawe: halipandi ukutani kama mjusi, bali hufuata njia inayozunguka ukingo wa shimo taratibu hadi juu.

Sasa hebu chukua karatasi. Ikate iwe pembetatu yenye pembe mraba, kisha uizungushie kwenye penseli kuanzia upande ule mrefu unaosimama. Ukingo wa mshazari utauona unapanda ukizunguka penseli toka chini hadi juu. Umeshatengeneza skrubu! Ni njia ile ile ya lori la kware, ila imeviringishwa kwenye chuma chembamba. Skrubu ni mteremko uliojikunja ili uenee mahali padogo.

Ipime upate kuamini. Skrubu ya mbao yenye urefu wa milimita 50, ambayo kila ikizunguka mara moja huzama milimita 2, itahitaji mizunguko 25 kuingia yote. Mpini wa bisibisi wenye unene wa sentimita 3 una mzingo wa sentimita 9.4 hivi. Mara 25, ngozi ya kiganja chako imesafiri sentimita 235. Yaani mkono umetembea zaidi ya mita 2 ili chuma kitembee sentimita 5. Ndiyo sababu mtoto wa darasa la nne anaweza kuzamisha kwa vidole kitu ambacho bondia hawezi kukisukuma kwa ngumi.

Nenda stegi uone ndugu yake mkubwa, jeki ya skrubu. Matatu ikipata pancha kwenye barabara ya Namanga, abiria hawaiti watu kumi wainue gari. Makanga mmoja, tena mwembamba, anaweka jeki na kuanza kuzungusha. Tuseme mpini una sentimita 30 na kila mzunguko unapandisha gari milimita 6. Mkono wa makanga unazunguka duara la sentimita 188, gari linapanda milimita 6 tu. Ukigawanya utapata kama 314. Kama pasingekuwa na msuguano, nguvu yake ingezidishwa mara 314! Lakini msuguano upo, nao ni mlafi. Tuseme umekula sehemu nne kati ya tano. Bado makanga amebaki na mara 60 na kidogo. Kona ya gari yenye uzito wa kilo 500 anaiinua kwa nguvu ya kama kilo 8, mzigo wa mtoto wa shule na begi lake.

Hapa ndipo kitabu kilinipita na sasa nimekipata. Sisi darasani tuliambiwa msuguano ni hasara, tukaandika hasara. Lakini makanga akiachilia mpini ajipanguse jasho, mbona gari halishuki likazungusha jeki kurudi nyuma? Ni kwa sababu ya huo huo msuguano. Mteremko wa skrubu ni wa kupanda polepole mno, hata mzigo ukitaka kuteleza kurudi chini, msuguano unaukatalia. Kile tunachokiita hasara ndicho kinachoshika. Jasho ulilotoa kuzungusha linabaki likilinda kazi yako ukiwa umekwenda zako. (Hata hivyo usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Jeki huweza kuteleza au kupinduka, na uhai hauna spea.)

Sasa turudi kwenye dhambi yangu. Nilipomaliza kuziokota skrubu zile, nilikwenda kwa mjomba wangu ambaye ni seremala karibu na stegi. Nikamkuta anapiga randa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Leo umekuja kusalimia ama umetumwa pesa ya shule?"

"Nimekuja kuuliza. Wewe hupiga skrubu na nyundo?"

Aliweka randa chini akacheka. "Mpwa wangu, hiyo inategemea nani analipa."

Nikamsimulia yote, hata kile kidole. Hakunigombeza. Alichukua vipande viwili vya saiprasi vilivyotoka ubao mmoja, na skrubu mbili za pakiti moja. Ya kwanza akaniambia, "Haya, piga vile ulipiga." Nikatwanga. Ya pili akatoboa kwanza kitundu chembamba kwa keekee, akapaka skrubu sabuni kidogo, akaigonga mara moja tu ili ikae, kisha akanipa bisibisi. "Zungusha. Usikimbie, hakuna mtu anakufukuza." Nilizungusha hata mkono ukaniwaka moto.

Kisha akatwaa nyundo ya makucha. Ile niliyoitwanga aliikwatua mara moja ikatoka kama jino bovu. Ile niliyoizungusha alivuta, akavuta tena, nyundo ikazama kwenye ubao ikaacha alama, skrubu haikusogea. Jaribio letu halikuwa la maabara, lakini macho yangu yalitosheka.

Alipasua kile kipande cha kwanza kwa shoka, akanionyesha ndani. "Angalia hapa. Mbao ina nyuzi zake kama nyama. Ukizungusha skrubu, inapita katikati ya nyuzi, kila uzi wa mbao unalala ndani ya njia yake. Kuitoa lazima uzing'oe zote pamoja. Lakini ukiipiga nyundo, hayo meno yanashuka kama msumeno, yanakata kila kitu. Shimo linabaki pana na unga ndani. Hapo huna skrubu tena, na msumari pia huna."

Ni kweli. Msumari umetengenezwa laini ubavuni ili uzisukume nyuzi za mbao kando, nazo ziurudie na kuubana. Skrubu iliyotwangwa imezikata hizo nyuzi, kwa hiyo haina wa kuibana. Ni afadhali ningetumia msumari wa kawaida kuliko kuitukana skrubu namna ile. Tena zile skrubu ngumu nyeusi zinazopendwa siku hizi huwa hazipendi kugongwa: kichwa hukatika, mwili ukabaki ndani, na hapo utajuta.

Kiswahili chetu kilikuwa kimelijua jambo hili zamani. Wareno walifika pwani yetu mwaka wa 1498, wakakaa Mombasa hadi walipotolewa Fort Jesus mwaka wa 1698, na kati ya maneno waliyotuachia, kama vile meza na bendera, limo pia parafujo. Skrubu tumelichukua kwa Waingereza. Lakini kamusi za kale zina jina jingine tamu kuliko yote mawili: msumari wa hesi. Hesi ni ule uzi unaozunguka chuma. Aliyetunga jina hilo alielewa kuwa tofauti yote iko kwenye hesi. Ukiitwanga nyundo umeitupa hesi, umebaki na msumari, tena msumari mbovu. Mimi nilikuwa na jibu la kitabuni kichwani, lakini lau ningalikuwa na neno hesi mdomoni, labda ningalisita kabla ya kuinua nyundo.

Wala usidhani hiki ni kitu kidogo cha mafundi. Skrubu ya kupandishia maji imebeba jina la Archimedes wa Sirakusa, aliyekufa mwaka wa 212 kabla ya Kristo. Gutenberg wa Ujerumani, kwenye miaka ya 1450, alichapisha vitabu kwa mtambo uliokandamiza karatasi kwa skrubu kubwa, mfano wa ile iliyokuwa ikikamua zabibu. Yaani hata jarida hili ulilonalo mkononi lina babu yake aliyezungushwa kwa skrubu. Na mwaka wa 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha nyuzi za skrubu, kwani kabla ya hapo kila karakana ilikata nyuzi zake ilivyopenda, na nati ya huyu haikuingia kwenye bolti ya yule. Leo ukienda hadware hapa Kitengela ukasema unataka nati ya milimita 10 ya kawaida, utapewa yenye hatua ya milimita 1.5, nayo itaingia kwenye bolti iliyotengenezwa nchi ambayo hata hujui iko wapi. Ulimwengu mzima umekubaliana juu ya hesi. Sisi tunakuja na nyundo!

Najua wako watakaonipinga. Nimeshawasikia. Mmoja wao ni mjomba wangu mwenyewe. Alisema hivi: "Mteja anakuja saa nane, anataka kitanda saa kumi na moja, na bei anataka ya misumari. Nikimwambia nitoboe kwanza, ananiambia fundi wa kule mbele hatoboi. Sasa nifanye nini? Nilale njaa na skrubu zangu nzuri?" Sikuwa na jibu la haraka, maana anasema kweli. Tunapenda kuwatupia mafundi lawama zote. Lakini aliyelipa kazi ya nusu saa asitarajie kupewa kazi ya saa mbili. Fundi anayetwanga ana kosa, na mteja anayemharakisha ameshika mpini wa nyundo pamoja naye.

Mwingine atasema, "Wacha maneno mingi, kazi iishe." Haya, tuhesabu. Kila dawati lilikuwa na skrubu 12, na madawati sita ni skrubu 72. Kwa kutoboa na kuzungusha kwa mkono, tuseme dakika moja na nusu kwa kila skrubu, ningemaliza kwa dakika 108. Kwa nyundo nilimaliza kwa nusu saa. Niliokoa kama saa moja na robo. Lakini madawati yote sita imebidi yafunguliwe, matundu yazibwe, yatobolewe upya pembeni, na kazi hiyo imekula Jumamosi nzima ya watu wanne. Ongeza juu yake siku ambazo wenzetu walikaa watatu watatu kwenye dawati la wawili. Ongeza na kidole. Nionyeshe basi hiyo saa niliyookoa iko wapi.

Watatu atasema siku hizi kuna drili za betri, kwa hiyo habari ya bisibisi ni ya kizamani. Nakubali drili ni nzuri, na ikipatikana itumike. Lakini drili nayo huzungusha. Hata mashine ya kisasa kabisa imelazimika kuifuata njia ya lori la kware, mzunguko kwa mzunguko. Imeongeza mwendo tu, haikuruka hatua.

Sasa dai langu. Kwanza, naomba shule yetu isiwape wanafunzi skrubu bila kuwapa bisibisi. Bisibisi sita na keekee mbili hazitaifilisi shule. Kuwapa watu wanane bisibisi moja ni kuwaambia kwa lugha ya ishara, "Tumieni nyundo."

Pili, nawaomba walimu wetu wa sayansi, kwa heshima zote, watutoe darasani. Machimbo yako hapo nje, na karakana za jua kali ziko kando ya barabara. Somo la mteremko lifanyiwe kwenye ubao wa lori, na la skrubu lifanyiwe kwenye dawati lililovunjika. Mtihani wa mashine ningependa uwe na sehemu moja ya kalamu na sehemu moja ya bisibisi. Ningalifeli ile ya pili, na kufeli huko kungalimwokolea mtu kidole.

Tatu, nasema na sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili. Tumezoea kujadili methali na ngeli, tukawaachia wengine hesi, kabari, kapi na keekee. Maneno hayo ni yetu. Tuyabebe hadi maabara. Sisemi tuache Kiingereza, kwa maana mtihani wa Fizikia tunaufanya kwa lugha hiyo. Nasema kwamba jambo ambalo huwezi kumweleza mjomba wako kwa lugha mnayosalimiana nayo, bado hujalielewa, hata kama umepata alama zote.

Nne, na hili ni letu sote wanafunzi. Tunajua vizuri namna tunavyosoma wiki ya mtihani: taa usiku kucha, miguu kwenye karai la maji baridi, kutwanga kurasa 200 ziingie kichwani kwa nguvu. Zinaingia, sikatai. Lakini wiki ya tatu ukizivuta zinatoka nzima nzima, zimejaa unga. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Leo ningewaambia kuwa mzunguko na mzunguko huzamisha skrubu.

Yule mwenzetu kidole chake kimepona. Nilimwendea nikamwomba radhi, nikamwambia fundi wa lile dawati alikuwa mimi. Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Sasa si unionyeshe vile inafaa kufanywa?" Tulilirekebisha pamoja, yeye akishika ubao na mimi nikizungusha, halafu tukabadilishana. Skrubu 12, mizunguko 25 kila moja. Mkono uliuma. Dawati hilo liko mstari wa nyuma, karibu na dirisha, na yeye ndiye anayelikalia. Ukipita, litikise uone.